Rada ya setilaiti na maporomoko ya ardhi: ramani imejaa madoa mekundu, kosa liko wapi?

Mwanasabaki (Malindi)

Asalaam aleikum wanajukwaa. Naombeni mnikosoe waziwazi, maana ramani hii itatumiwa na watu wanaokaa chini ya miteremko na sitaki kuwapelekea kitu cha kubahatisha.

Maeneo ni mawili. La kwanza ni ukingo wa Elgeyo unaoshuka kwenye bonde la Kerio, pamoja na Chesongoch palipoporomoka usiku wa kuamkia 1 Novemba 2025. La pili ni mabonde ya mito Mathioya na Maragua, Murang'a. Msimu wa mvua picha za kawaida za setilaiti ya Sentinel-2 kule juu ni wingu juu ya wingu, ndiyo sababu nikageukia rada ya setilaiti ya Sentinel-1, inayopenya mawingu.

Nilichofanya ni hiki: Google Earth Engine (mtambo wa mtandaoni wa kuchakata picha za setilaiti), data ya GRD (nguvu ya mwangwi tu), mkondo wa VV (wimbi linatumwa wima na kupokewa wima). Picha moja ya kabla, picha moja ya baada, nikatoa moja kwa nyingine, kisha nikapaka nyekundu kila pikseli iliyobadilika kwa desibeli 3 au zaidi, iwe imepanda au imeshuka. Ramani imetoka kama ngozi ya mtu mwenye tetekuwanga, milimani na tambarare sawasawa.

Maswali yangu. Kizingiti nikipandishe hadi ngapi? Nitumie njia ya kupanda (setilaiti ikienda kaskazini) au ya kushuka (ikienda kusini)? Koherensi, yaani makubaliano ya mawimbi ya picha mbili, ina faida gani hapa, na nitaipataje ikiwa faili moja la SLC (data kamili ya wimbi) ni GB 4 hadi 8 na bando halivumilii? Je, rada yaweza kuonyesha mlima unaoanza kusogea kabla haujaanguka? Na mwisho, ningependa kuonyesha kwenye ramani hiyohiyo jinsi udongo wa Murang'a unavyofika kwenye maji mekundu ya mdomo wa Sabaki.

FundiGongoni (Magarini)

Waalaikum salaam. Usikiguse kizingiti kwanza. Ugonjwa uko kwenye kulinganisha picha moja na picha moja.

Ndani ya pikseli moja ya rada mna mawe, majani, mabonge ya udongo, matawi. Kila kimoja kinarudisha wimbi lake, na mawimbi hayo huongezana au hufutana kwa namna isiyotabirika. Ndiyo zile chengachenga unazoziona hata juu ya shamba lililo sawa kabisa. GRD ya Sentinel-1 imepunguzwa chenga kidogo tu, sawa na wastani wa vipimo huru 4.4. Kwa kiwango hicho pikseli ya ardhi isiyobadilika hata kidogo huyumba kwa takriban desibeli 2.2 kutoka picha hadi picha. Ukitoa picha mbili, mayumbo ya zote mbili yanaingia, unapata kama desibeli 3.1. Sasa tazama kizingiti chako cha 3: kimo ndani ya yumbo la kawaida. Karibu theluthi ya pikseli zote zitakuwa nyekundu hata kama halikuanguka jiwe moja. Tetekuwanga imetoka hapo.

Dawa ni kukusanya picha nyingi. Chukua 8 za kabla na 4 za baada, zote za njia moja, ufanye wastani wa kila kundi, ndipo utoe. Yumbo linashuka hadi desibeli 1.3 hivi. Kizingiti kilekile cha 3 sasa kinakosea kwa pikseli 2 tu katika kila 100, na hizo 2 zinatawanyika ovyo, ilhali kovu la kweli hushikana. Ukifuta kila kundi lililo chini ya pikseli 20 zilizogusana, yaani mita za mraba 2,000 kwa pikseli za mita 10, nyingi za bahati mbaya zitaondoka. Gharama yake ni kusubiri: picha 4 za baada kwa mzunguko wa siku 12 ni siku 36 toka ya kwanza hadi ya nne. Setilaiti mbili zikipiga njia hiyo, ni kila siku 6, lakini usidhani tu. Fungua orodha ya picha za eneo lako uhesabu tarehe moja moja, kwa sababu ratiba haifanani kila mahali. Kwa dharura tumia picha ya kwanza ya baada pamoja na rundo la kabla, ukijua kuwa ramani hiyo ni ya awali.

Sasa mitego ya kwenye marundo.

Earth Engine huweka GRD ikiwa tayari katika desibeli. Wastani wa desibeli si wastani wa nguvu ya mwangwi, kwa hiyo rudisha kwanza kwenye nguvu: 10 kipeo cha desibeli gawanya kwa 10. Fanya wastani, halafu ndipo urudi kwenye desibeli. Ukitumia mediani (namba ya katikati) hulazimiki, kwa sababu mpangilio wa namba haubadiliki.

Chuja kwa mwelekeo wa njia na pia kwa namba ya njia. Ukichuja kwa mwelekeo tu, njia mbili jirani zinaweza kuingia pamoja pale zinapopishana, kila moja na pembe yake, na mlima mzima utaonekana "umebadilika". Kosa hili halitoi ujumbe wowote kwenye skrini. Hesabu inaisha salama na jibu ni bovu.

Unyevu ndio mtego mkubwa kwa Kenya. Udongo uliolowa hurudisha mwangwi mkali kuliko udongo mkavu. Ukichukua rundo la kabla toka kiangazi na la baada toka katikati ya mvua, miteremko mizima itapanda hata desibeli 2 au 3 bila kuporomoka. Linganisha na miezi ileile ya mwaka uliotangulia. Kama haiwezekani, tafuta mediani ya mabadiliko ya eneo zima lenye uoto wa aina moja, uitoe kwa kila pikseli. Kinachobaki ni kile kilichozidi majirani zake.

Na acha kuchanganya kupanda na kushuka kwa mwangwi katika rangi moja. Poromoko moja la udongo hufanya yote mawili. Juu, pale ardhi ilipochubuka na mawe kubaki wazi, VV mara nyingi hupanda. VH (wimbi linatumwa wima na kupokewa mlalo) hushuka, kwa sababu VH hulishwa zaidi na majani na matawi, na hayo yameondoka. Chini kwenye mkia, tope laini lililotandazika hurudisha kidogo na VV hushuka pia. Kwenye VV weka nyekundu kwa kushuka na buluu kwa kupanda. Ukiona buluu juu, nyekundu chini, umbo refu linalofuata mteremko, hapo simama utazame vizuri. Ukiona pembe nne zilizonyooka, hilo ni shamba lililolimwa.

Mteremko wa chini ya nyuzi 10 ufunike kwa ajili ya makovu, lakini usiutupe. Mikia ya tope husafiri hadi sakafu ya bonde, na watu wanakaa huko chini. Uweke kwenye tabaka la pili.

BintiKipungani (Lamu)

Fundi amemaliza la chengachenga, mimi nachukua la njia, kwa kuwa maeneo yako mawili yana majibu tofauti.

Sentinel-1 hutazama kuume kwake daima. Ikienda kaskazini, yaani njia ya kupanda, ambayo kwetu hupita jioni, inatazama mashariki. Ikienda kusini, asubuhi na mapema, inatazama magharibi. Sasa ukingo wa Elgeyo umeupa uso mashariki, kuelekea Kerio. Kwa njia ya kushuka, mteremko huo unatazamana na setilaiti uso kwa uso, na watu hudhani ndiyo vizuri. Sivyo. Rada hupanga vitu kwa umbali, na mteremko unaotazamana nayo una kilele na tako lililo karibu umbali mmoja. Picha inafinyika.

Hesabu yake ni hii. Chukua pembe ya mwale (kati ya mwale wa rada na mstari wa wima) nyuzi 39 na mteremko wa nyuzi 30 wenye urefu wa mita 400. Ukitazamana na setilaiti, mita hizo 400 zinabanwa kwenye nafasi ambayo tambarare ingechukua mita 100. Kovu la upana wa mita 40 linabaki na nafasi ya mita 10. Mteremko uleule ukiwa umegeuka upande wa pili unapata nafasi ya mita 590 hivi. Marekebisho ya miinuko yatakayofuata hayakurudishii kilichobanwa. Yanavuta pikseli chache zikae mahali pengi, ndiyo ile milia mirefu iliyopauka utakayoiona. Mteremko ukizidi pembe ya mwale, kilele kinawahi kuliko tako, na picha zinalaliana. Hapo hapana data kabisa, hata kama rangi ipo. Kwa upande wa nyuma, kivuli huanza pale mteremko unapozidi 90 ukitoa pembe ya mwale, kwa mfano wetu nyuzi 51. Kwa hiyo Elgeyo tumia njia ya kupanda, na ukubali kuwa kuta kali za juu kabisa huenda zikaangukia kivulini.

Pembe ya Sentinel-1 huanzia nyuzi 29 karibu na setilaiti hadi 46 upande wa mbali. Eneo lako likiangukia kwenye njia mbili zinazopishana, kwa milima chagua ile iliyo mbali, yenye pembe kubwa. Kulaliana kunapungua.

Murang'a ni kinyume. Mito inatoka Aberdare kwenda mashariki, kwa hiyo migongo ya milima imelala magharibi–mashariki na kuta za mabonde zinatazama kaskazini na kusini. Njia zote mbili zinaziona kwa ubavu, hazifinyiki sana. Tumia zote mbili, kila moja na rundo lake, kila moja na ramani yake. Kovu lililotokea kwenye zote mbili lina uzito. Usizichanganye kabla ya hapo.

La Sabaki naomba tulirekebishe mapema, maana ramani ikitoka nalo itakuaibisha. Mathioya na Maragua ni matawi ya Tana. Tana haimwagi Malindi. Inatokea Kipini, Ghuba ya Ungwana, katikati ya kwenu na kwetu. Na kabla ya kufika huko inapita mabwawa matano mfululizo, la kwanza likiwa Masinga lililokamilika 1981, na sehemu kubwa ya udongo wa juu inatua humo. Maji mekundu ya Sabaki ni ya Athi na Galana. Hutafuti chanzo chake kwenye maporomoko ya Aberdare. Kitafute kwenye mashamba na malisho yaliyochakaa ya Machakos, Kitui na kuteremka. Hiyo ni ramani nyingine kabisa.

Mwanasabaki (Malindi)

Shukran sana, Bi na Fundi. Sabaki nimeitoa. Nimerudia kwa picha 8 na 4, njia ya kupanda, VH, na tetekuwanga imepona. Elgeyo yametokea makundi machache marefu yanayofuata mteremko, yale niliyotarajia kuyaona. Murang'a lakini ni fumbo: najua mahali palipoanguka, na rada haionyeshi kitu. Koherensi ingesaidia? Na nianzie wapi bila kumaliza bando?

FundiGongoni (Magarini)

Kwanza pima upana wa kovu lenyewe. Pikseli ya GRD ni mita 10, lakini uwezo halisi wa kutenganisha ni kama mita 20. Mtiririko wa tope wa upana wa mita 15 ndani ya chai na migomba hautauona kwa mwangwi, hata ukusanye picha mia. Hapo sema wazi kuwa rada hii haioni, utafute picha ya Sentinel-2 ya siku moja yenye uwazi.

Kovu likiwa kubwa na bado halionekani, ndipo koherensi ina kazi.

Koherensi ni kipimo cha jinsi mawimbi ya picha mbili yanavyokubaliana, toka 0 hadi 1. Ardhi ambayo mawe na udongo wake vimetulia palepale hukubaliana. Majani yakitikisika, udongo ukilimwa, mteremko ukiporomoka, makubaliano yanavunjika. Wimbi la Sentinel-1 ni sentimita 5.6 hivi, kwa hiyo jani na kijiti tu vinatosha kulivuruga.

Unahitaji jozi tatu zenye nafasi sawa ya siku: kabla na kabla, kabla na baada, baada na baada. Nafasi isipokuwa sawa, jozi ya siku 24 itakuwa na koherensi ndogo kuliko ya siku 12 kwa sababu ya muda tu, nawe utasema ni maporomoko. Kwenye nyasi fupi, mawe na ardhi tupu, jozi ya kwanza iko juu na ya pili inaanguka ghafla mahali pa kovu. Njia hii inafaa Elgeyo sehemu za chini zilizo kavu.

Kwenye chai, msitu na migomba ya Murang'a, jozi ya kwanza tayari iko chini. Hakuna cha kuanguka, na watu wengi huachia hapo. Lakini tazama jozi ya tatu. Baada ya mporomoko, uoto umeondoka na kovu ni udongo na mawe matupu. Siku 12 zinapita, kovu limetulia, na koherensi yake *inapanda* kuliko msitu unaolizunguka. Toa jozi ya kwanza kutoka ya tatu: kovu linang'aa katikati ya giza. Fanya jozi kadhaa za baada na uchukue mediani, kwa sababu mvua kubwa kati ya picha mbili huharibu hata kovu. Na usichelewe miezi mingi. Kule Murang'a magugu huota upesi na dirisha linajifunga.

Kuhusu bando: Earth Engine haitakusaidia hapa, GRD haina fazi ya wimbi (hatua ambayo wimbi limefikia katika mzunguko wake) na bila fazi hakuna koherensi. Ila huna haja ya kushusha SLC nzima. Picha ya IW, namna ya kawaida ya Sentinel-1 ya kupiga nchi kavu, ina mikanda mitatu, na kila mkanda umegawanywa vipande, kila kipande kama kilomita 20 kwa 85. Hifadhi ya Alaska, ASF, inakuruhusu kuchukua kipande kimoja kimoja, MB 150 hivi kwa mkondo mmoja. Bora zaidi, huduma yao ya HyP3 inakokotoa jozi ya vipande kwenye mitambo yao, wewe unashusha jibu tu, koherensi ikiwa ndani. Chagua kiwango cha pikseli za mita 20. Kile cha mita 80 ni kizuri kwa tetemeko la ardhi; kwa kovu la bonde kitalimeza.

Ukitaka kufanya mwenyewe kwenye SNAP, programu ya bure ya kuchakata picha za Sentinel, kompyuta iwe na RAM ya GB 16 angalau. Mpangilio: kata mkanda na vipande unavyohitaji tu, weka faili la obiti sahihi, ambalo hutoka kama siku 20 baada ya picha, oanisha picha ya pili juu ya ya kwanza kwa kutumia ramani ya miinuko ya Copernicus ya mita 30, sahihisha uoanishaji kwa pale vipande vinapopishana, kokotoa koherensi, unganisha vipande, mwishowe rekebisha kwa miinuko. Hatua ya nne usiiruke. Kwa namna Sentinel-1 inavyozungusha mwale wake, uoanishaji unatakiwa uwe sahihi kufikia elfu moja ya pikseli kuelekea njia ya setilaiti.

Dirisha la koherensi weka 10 kwa 2, kumi upande wa umbali na mbili upande wa njia, maana pikseli ya SLC ni nyembamba upande mmoja. Ardhini inakuwa karibu mraba wa mita 30 na kitu. Ujue dirisha dogo hivyo halisomi 0 kamwe. Mahali pasipo makubaliano yoyote patasoma kama 0.2. Kwa hiyo 0.25 msituni usiihesabu kuwa ni dalili.

Na kabla hujagusa mlima, pitisha mnyororo mzima hapa Malindi. Huu mji unaujua kwa miguu. Nyumba za mjini, kuta na mabati, zinapaswa kung'aa, 0.6 kwenda juu. Bahari iwe kwenye ile 0.2. Minazi na mikorosho iwe kijivu cha chini. Njia ya kurukia ndege itakushangaza: lami imetulia kuliko kitu chochote mjini, lakini ni laini, mwangwi wake unaorudi ni kidogo mno, kelele ya mtambo inautawala, na koherensi inatoka chini. Ukilielewa hilo hutadanganyika na mwamba laini au barabara kule Kerio. Mji ukitoka umefifia wote, uoanishaji umeharibika. Ukiona mistari iliyonyooka inayokata mji na mashamba, hiyo ni mipaka ya vipande, rudi hatua ya nne.

Kwa mwangwi pia pana darasa la bure: mabwawa ya chumvi, Gongoni hadi Kurawa. Maji yaliyotulia ni meusi kabisa. Siku ya kusi kali maji yanavimba viwimbi na VV inapanda, bwawa lilelile, chumvi ileile. VH inatikisika kidogo sana. Ukishaona hivyo kwa macho yako utajua kwa nini dimbwi lililozuiliwa na mporomoko bondeni huweza kuwa jeusi leo na kijivu baada ya siku 12.

Marafa vilevile, ile Nyari (korongo), watu huipenda kwa majaribio kwa sababu imebomoka waziwazi. Kwa kujifunza kivuli na kulaliana inafaa. Kwa kujifunza maporomoko haifai: kuta zinaliwa kidogo kidogo na mvua, mabadiliko ya mwaka ni madogo kuliko pikseli.

BintiKipungani (Lamu)

Nimalizie swali la mlima unaosogea kabla ya kuanguka, kwa sababu ndilo linalotia watu matumaini makubwa kuliko uwezo wa chombo.

Maporomoko ya Chesongoch, na ya West Pokot Novemba 2019, ni ya mvua. Udongo unashiba maji, unaachia ndani ya saa chache. Setilaiti inayopita kila siku 6 au 12 haitakupa onyo. Onyo la namna hiyo linatoka kwenye vipimo vya mvua vya palepale na watu wa palepale. Yeyote atakayeuza ramani ya rada kama king'ora, mkatalie.

Kinachowezekana ni mteremko mzito unaotambaa polepole, sentimita chache kwa mwaka. Fazi ya wimbi huuona: duara moja zima la rangi kwenye interferogramu (picha ya tofauti ya fazi kati ya picha mbili) ni sentimita 2.8 kuelekea setilaiti au kuikimbia. Pikseli mbili jirani zikitofautiana kwa zaidi ya nusu ya duara, sentimita 1.4, kati ya picha na picha, hesabu inapotea na huwezi kujua ni duara la ngapi. Kitu kilichoshuka mita nzima hakipimwi kwa fazi.

Sasa rudi kwenye mwelekeo, maana Murang'a inakubana hapa. Setilaiti hupita karibu kaskazini–kusini na kutazama mashariki au magharibi. Mwendo wa kwenda chini inauona vizuri, kama asilimia 78 kwa nyuzi 39. Wa mashariki–magharibi asilimia 60 na kidogo. Wa kaskazini–kusini, kama asilimia 13. Ukuta wa bonde la Mathioya unaotazama kaskazini ukisogea sentimita 10 kwa ulalo kuelekea mtoni, rada inasoma 1 na kidogo. Ile migongo iliyotusaidia kwenye mwangwi, kwenye fazi inatunyima. Usiandike kamwe "mteremko umetulia" kwa bonde la namna hiyo. Andika kuwa mwendo wa upande huo haupimiki.

Halafu kuna hewa. Bonde lina mvuke mwingi kuliko kilele, na mvuke huchelewesha wimbi. Interferogramu moja itakuonyesha mlima mzima "umepanda" sentimita kadhaa, rangi zikifuata mistari ya miinuko kama zimechorwa. Rangi zikifuata urefu wa mlima, shuku hewa kwanza. Unahitaji mlolongo wa picha za mwaka au zaidi, jozi nyingi fupi zilizounganishwa, ndipo hewa inapungua. Programu ya MintPy hufanya kazi hiyo na inapokea moja kwa moja majibu ya HyP3, kwa hiyo huhitaji mtambo mkubwa.

Kwa chai na msitu, subira yako iko kwenye wimbi refu. NISAR, setilaiti ya rada ya Marekani na India iliyorushwa 30 Julai 2025, hutumia wimbi la sentimita 24, linalopita majani na kusoma zaidi vigogo na ardhi, na hurudi kila siku 12. Data yake ni ya bure, nayo hutolewa na ASF. Duara moja la rangi huko ni sentimita 12, kwa hiyo mwendo mdogo sana unaonekana kwa shida zaidi, lakini koherensi inayobaki baada ya siku 12 Murang'a inafidia. Kwa kule ningeanza nayo, Sentinel-1 iwe ya kuthibitisha. Elgeyo iliyo kavu, Sentinel-1 inatosha.

Mwanasabaki (Malindi)

Ahsanteni mno. Jana nimepitisha jozi ya Malindi: mji uko 0.7, bahari 0.2, na njia ya ndege kweli imetoka giza. Limebaki moja. Zile sehemu za kulaliana na kivuli nimezifunika na zimetoka nyeupe kwenye ramani, sawa na sehemu zisizo na kovu. Niziache hivyo?

BintiKipungani (Lamu)

Hapana, ndugu yangu, hilo ndilo kosa la hatari kuliko yote tuliyoyataja. Mzee wa kijiji akiona nyeupe juu ya boma lake anasoma "salama". Weka alama tatu zilizo tofauti kabisa: rangi kwa kovu lililoonekana, nyeupe kwa mahali palipotazamwa na hapana kovu, na mistari ya mshazari yenye neno "hapaonekani" kwa kulaliana na kivuli. Maandishi hayo yawe ndani ya ramani yenyewe, kwa sababu maelezo ya pembeni hukatwa watu wanapotuma picha kwa simu. SNAP hutoa tabaka la kulaliana na kivuli wakati wa kurekebisha miinuko, ukiliomba. Ukifanya kwa Earth Engine, likokotoe kwa pembe ya mwale na mteremko, ukiongeza pikseli mbili za pembeni, maana ramani ya miinuko ya mita 30 hulainisha kuta kali na kuzifanya zionekane pole kuliko zilivyo.

Na chini ya ramani andika tarehe ya picha ya mwisho ya kila rundo. Kilichoanguka siku moja baada yake hakimo.

FundiGongoni (Magarini)

Ongeza na kipimo kidogo kabisa kinachoweza kuonekana: mita za mraba 2,000, upana usiopungua mita 20 na kitu. Na ile mikia ya tope iliyo chini ya nyuzi 10 iwashe kwenye nakala ya kuchapisha, usiiache kwenye kompyuta. Shule na masoko ya Kerio yako kwenye sakafu hiyo.